Njahi Bila Mtoto

Nikialikwa kuzungumza na wasichana wa shule, swali la kwanza huwa ni lile lile: unakula nini? La pili huwa la mazoezi. La tatu huulizwa na msichana wa nyuma kabisa, yule anayesimama nusu na kuketi kabla hajamaliza, naye hutaka kujua mtu anapata wapi kujiamini. Mimi huwajibu yale wanayopenda walimu. Kula mboga, kunywa maji, lala mapema, jipende. Kisha napigiwa makofi, napewa chai na mkate, na ninarudi nyumbani nimechoka kuliko nilivyotoka. Uongo mtamu unachosha sana ukiurudia.

Ukweli ni mrefu zaidi na hauna adabu ya kusemwa mbele ya mwalimu mkuu. Nitausema hapa, polepole, maana sina pumzi ya kuusema mara mbili.

Mimi ni mchezaji wa kiungo katika timu ya wanawake hapa Nyeri. Kiungo ni yule anayekimbia kati ya walinzi na washambuliaji, akibeba lawama za pande zote mbili. Naishi Gatitu, katika nyumba ya kupanga yenye chumba kimoja na jiko dogo ambalo watu wawili hawawezi kupishana ndani yake. Mama yangu anaishi Wamagana, kwenye shamba dogo la majani chai. Mimi ni binti yake wa pili, kwa hivyo, kwa desturi yetu, nilipewa jina la mamake, na ndiyo maana hadi leo, na utu uzima wangu wote huu, yeye huniita maitu, yaani mama yangu. Akikasirika pia huniita maitu, ila kwa sauti nyingine.

Tangu nianze kucheza mpira, mwili wangu umekuwa na wenyewe wengi. Kule nyumbani mtu akikonda hasifiwi. Watu huuliza ana shida gani, au ni nani anayemnyima. Nikienda Wamagana Jumapili, majirani hunishika mkono hapa juu ya kiwiko, kama watu wanaonunua mbuzi, kisha humwambia mama kwamba mpira utanimaliza. Uwanjani mambo ni kinyume, huko siku zote kuna nyama mahali ambayo haitakiwi. Na mjini, nikipita na suruali ya mazoezi, kuna wanaume huketi nje ya duka moja la kinyozi wakijadili kama miguu yangu ni ya mwanamke. Sijawahi kuwasikia wakijadili yao.

Msimu ninaousimulia tulipata kocha mpya. Alikuwa kijana, mwenye bidii, anayefika uwanjani kabla yetu na kuondoka baada yetu. Hakuwa mtu mbaya. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu ingekuwa rahisi zaidi kwangu kama angekuwa mbaya. Alileta mizani ya kukanyaga akaiweka mlangoni pa chumba cha kubadilishia nguo. Kila Jumatatu, kabla hujafunga kamba za viatu, unapanda. Yeye anasoma kwa sauti, wenzako wanasikia. Alikuwa na msemo wake kwamba kilo zikishuka kasi inapanda, na tuliurudia huku tukicheka, mpaka siku moja nikagundua kwamba hatucheki tena.

Mapema tu alituambia wazi kwamba mzunguko wa kwanza wa ligi ukiisha atapunguza kikosi, na kwamba atabaki na wale wanaoweza kumaliza mechi nzima wakikimbia. Alipokuwa akisema hivyo alinitazama mimi. Nilikuwa mkubwa kuliko wote pale. Katika umri wangu, mchezaji akiachwa haokotwi na timu nyingine, na mimi sikuwa na kazi nyingine wala sikuitaka. Nafasi ile ya kiungo ndiyo iliyokuwa maisha yangu. Nilienda nyumbani siku hiyo nikiwa nimeamua kwamba haitatoka mikononi mwangu.

Nikaanza kupunguza chakula. Kwanza ugali wa jioni. Kisha chapati, ambazo hazikunisumbua, halafu viazi, ambavyo vilinisumbua sana, maana kwetu Tetu mtu kuacha viazi ni sawa na kuhama kanisa. Nikaacha maziwa kwenye chai. Asubuhi nilikunywa chai ya rangi kikombe kimoja, nikaingia kwenye ukungu na kukimbia mpaka masikio yakafa ganzi. Na lazima niseme hili, kwa sababu wanaotoa mawaidha huliruka: ilifanya kazi. Wiki za mwanzo niliruka kama swara. Kocha alinisimamisha mbele ya wenzangu, akawaambia watazame mtu mzima anavyojituma. Wale wanaume wa kinyozi walinyamaza nilipopita. Sifa zilinishibisha kuliko sahani yoyote. Kama kujiamini ni kule kutembea kifua mbele, basi sijawahi kujiamini kama nilivyojiamini wakati ule, huku ndani nikioza.

Halafu ikaja baridi. Julai ya Nyeri naijua, nimezaliwa nayo, lakini hii ilikuwa baridi inayokaa ndani ya mifupa hata ukiwa chini ya blanketi tatu. Nywele zilibaki kwenye kitana. Nilikuwa na hasira ya karibu. Nilimfokea mwenzangu kwa sababu ya chupa ya maji, chupa yenyewe ikiwa yake. Na hedhi yangu ikakoma. Mwezi wa kwanza sikujali. Wa pili nikaona ni bahati. Viwanja vingi tunavyochezea, Karatina huko, Kerugoya huko, havina choo cha kusema ni choo, na kila mchezaji anajua taabu ya kucheza na kaptula nyeupe siku zile. Niliacha kuhesabu siku, nikaona mwili umenihurumia.

Mguu ndio ulionipeleka hospitali. Ulianza kuuma kwenye mfupa wa muundi, maumivu membamba, ya kujificha, yanayokuja ukikimbia na kukaa kimya ukiketi. Nilienda bila kumwambia kocha. Daktari alikuwa mama mmoja wa umri wa mama yangu, mpole wa maneno, asiye na haraka. Alitazama picha ya mfupa akasema kuna ufa umeanza. Kisha akaacha mguu kabisa, akaanza kuniuliza nakula nini asubuhi, nakula nini mchana, na mwezi wangu wa mwisho niliuona lini. Hapo nilicheka. Yeye hakucheka.

Alinieleza kwa maneno ya kawaida. Mwili usiopata chakula cha kutosha, alisema, huanza kuzima vitu ambavyo mtu anaweza kuishi bila kuwa navyo, na cha kwanza huwa ni kizazi, mifupa hufuata. Nisikimbie mpaka mguu upone. Nile kabla ya mazoezi na baada ya mazoezi, nile viazi, nile uji, nile maziwa, nisingoje njaa inipigie hodi. Hedhi ikirudi tutajua tumetoka shimoni.

"Mwili wako umeacha kukuamini," aliniambia. "Lisha huo mwili mpaka ikuamini tena. Hakuna dawa ingine niko nayo."

Neno hilo lilinichoma. Miaka yote nilikuwa nikitafuta kujiamini, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba mwili nao humwamini mtu au kumkataa. Nilitembea kutoka hospitali hadi stendi nikiliwaza. Hapo nikanunua ndizi mbili nikazila nimesimama.

Daktari alitaka nimweleze kocha kila kitu. Nilimweleza nusu. Nilisema muundi unaniuma, nahitaji wiki kadhaa za mazoezi mepesi, akakubali kwa shingo upande. Kuhusu hedhi sikusema. Ningemwambia nini? Kwamba huyu mtu mzima unayemsifu mbele ya watoto mwili wake umezimika? Nilijua jina langu lingekuwa la kwanza kati ya watakaoachwa. Mama naye nilimpa nusu yake: daktari amesema damu yangu imepungua, natakiwa nile vizuri. Mama hakuuliza zaidi. Alisema tu mwili haujengwi kwa matofali, akafunga kitambaa chake vizuri kichwani, nami nikajua kuna kazi imeanza.

Sasa, asiye wa huku lazima aelezwe habari ya njahi. Ni yale maharagwe meusi yenye mstari mweupe mgongoni. Watu hula njahi siku yoyote, harusini pia, hakuna marufuku. Lakini mwanamke akijifungua, ndicho chakula chake. Hupikwa mpaka ziwe laini, zikapondwa na ndizi, akala akilishwa na wenzake, na uji wa wimbi juu yake, ili damu aliyopoteza irudi na maziwa yashuke. Mama yangu alisikia neno damu, akafikiri kama mamake alivyofikiri. Alienda soko la Wamagana akanunua njahi nyingi, akapika chungu kizima, akakifunga kwa leso, akachukua na chupa ya uji, akaja nayo Gatitu katikati ya juma. Juma lililofuata akaja tena. Waliomuuliza njiani anaenda wapi aliwajibu anaenda kwa binti yake. Waliomuuliza kuna nini hakuwajibu, kwa sababu ugonjwa wa mtoto wake si habari ya sokoni. Basi wakajijibu wenyewe.

Jumamosi moja nilikuwa nimelala, mguu juu ya mto, nikasikia kuimba langoni. Nilifikiri ni kwa jirani. Nyimbo zikakaribia mpaka zikasimama mlangoni kwangu. Nilipofungua nikawakuta wanawake wa kikundi cha kanisa la mama, wamevaa vitambaa vyao vya kichwa vya kufanana, wamebeba viazi, ndizi, chupa za uji, na mmoja amekumbatia shali ndogo ya manjano aliyoifuma mwenyewe. Walikuja kuona mtoto. Mama hakuwa nao. Walitaka kumshangaza pia.

Mimi nilikuwa nimesimama pale na suruali ya mazoezi na barafu kwenye muundi.

Niliwaambia hakuna mtoto. Wimbo ulikatika sehemu sehemu, maana wa nyuma hawakusikia. Mkubwa wao, mama mmoja niliyemheshimu tangu utoto, alinitazama tumbo, akanitazama uso, akapunguza sauti kwa huruma na kuniuliza neno moja tu, "Bado?" Nilipaswa kusema hapana, siyo bado, hakuna kabisa. Lakini mtu aliyeimbiwa mlangoni huwa hana akili ya haraka. Nilisema karibuni ndani. Waliingia wakajazana kitandani na kwenye ndoo zilizogeuzwa, wakala njahi zile zile za mama, wakaniombea kwa muda mrefu, na ile shali ikaachwa imekunjwa mezani. Walikuja wakiamini nimejifungua, wakaondoka wakiamini ninakaribia.

Kuanzia hapo, kila dalili ya kupona ikawa ushahidi dhidi yangu. Nilikula, na mwenye mimba hula. Nilifanya mazoezi mepesi, na mwenye mimba hujitunza. Tumbo langu, ambalo kwa miezi lilikuwa limebonyea, lilijaa kidogo likakaa kama tumbo la mtu. Jumatatu mizani ilipanda, kocha akasoma kwa sauti ya chini, jambo ambalo hajawahi kumfanyia mtu yeyote. Wenzangu walianza kunibebea begi. Mpira wa juu ukija upande wangu kwenye mazoezi, mtu anaruka mbele yangu kuuzuia. Hakuna aliyeniuliza. Uvumi wa mimba una heshima zake, kila mtu anakuonea huruma na hakuna anayekusemesha. Nilichoka namna ambayo usingizi hauondoi.

Mwishowe kocha aliniita kando, karibu na mlingoti wa goli.

"Nimesikia uko na habari," akasema.

Nikamuuliza habari gani.

"Hizo za wanawake." Alikuwa akitazama wavu. "Lisemwalo lipo. Na mimi si mtu mbaya, pumzika tu. Ukimaliza, ligi itakuwa bado iko."

"Kocha, mimi sina mimba."

"Basi enda upimwe uniletee karatasi, tumalize hii maneno."

Najua mtu atauliza kwa nini sikwenda. Ni jambo la asubuhi moja. Nimejiuliza pia. Lakini nilikuwa nimepandishwa mizani kila Jumatatu, nimeshikwa mikono na majirani, nimetazamwa tumbo na kikundi kizima cha kanisa, na pale kwenye mlingoti niligundua kwamba sina tena mahali pa kupimiwa. Nilihisi nikimpelekea karatasi hiyo atataka nyingine. Kama huna mimba, mbona umenenepa? Mbona hukimbii? Na hapo ningelazimika kutoa ule ukweli mwingine, ambao niliuogopa zaidi ya uvumi. Nikamwambia sitapimwa. Akasema sawa, nitakaa benchi, na mechi ya mwisho ya mzunguko, ile ya ugenini kule Wang'uru, ikiisha atapeleka majina ya wanaobaki. Nafasi yangu alimpa msichana mmoja mwembamba, mwenye kasi, aliyemaliza shule juzi tu.

Uvumi huo ulizunguka ukamrudia hata aliyeuanzisha bila kujua. Mama alikuja Gatitu jioni moja bila chungu. Alikaa kitandani, akavua viatu, akavipanga vizuri, akavipanga tena.

"Maitu," akasema, "kama iko, niambie tu. Mimi nitalea. Mficha uchi hazai."

Huyo ndiye aliyepika zile njahi kwa sababu ya damu yangu, na hata yeye alikuwa ameanza kuamini. Hapo ndipo nilipolia. Nilimwambia yote: chai ya rangi, baridi, nywele, miezi iliyopita bila hedhi, ufa wa mguu, na maneno ya daktari. Alisikiliza mikono ikiwa mapajani. Nilipomaliza aliuliza swali moja tu, kama hiyo damu isiporudi nitapata mtoto siku moja. Nilimwambia daktari hajui. Akaingia jikoni kwangu akaanza kumenya viazi, na alivimenya vyote vilivyokuwemo, hata vile vya kesho. Sijawahi kumwonea mtu huruma kama nilivyomwonea mgongo ule.

Nilikula. Sitaki kulipamba jambo hili. Kula ukiwa umejifundisha kuogopa chakula ni kazi, na kuna siku nililala nikiwa na hasira na sahani. Nilikula uji kabla ya jua, nilikula viazi vitamu katikati ya asubuhi, nilirudisha maziwa kwenye chai. Mguu ukapona, daktari akaniruhusu kukimbia. Nikaanza kwenye barabara ya vumbi nyuma ya Gatitu, mbio fupi, kisha ndefu kidogo. Pumzi ilirudi. Mapaja yalirudi, na nguvu ya kusimama imara mtu akikusukuma. Hedhi haikurudi. Kila asubuhi nilitazama, kila asubuhi hakuna kitu, nami nikavaa viatu.

Tulishuka Wang'uru siku ya mechi tukiwa na masweta, tukayavua kabla ya kufika. Kule Mwea jua halina mchezo. Mchele ulikuwa umeanikwa kwenye maturubai kando ya barabara, na hewa ilikuwa nzito yenye harufu ya mashamba ya maji. Uwanja ulikuwa wa shule ya msingi, na chumba chetu cha kubadilishia kilikuwa darasa, madawati yamesukumwa ukutani. Tumbo lilikuwa likinikata tangu asubuhi. Nilidhani ni maharagwe ya jana.

Nilikaa benchi kipindi cha kwanza nikimtazama msichana aliyechukua nafasi yangu. Alianza vizuri. Kabla ya nusu saa alikuwa anashika magoti kila mpira ukitoka. Kuelekea mapumziko alianguka bila kuguswa na mtu, akainuka, akaanguka tena, wakamtoa akishikwa mabega. Kocha alinijia jasho likimtoka kuliko la wachezaji. Alinitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya mlingoti.

"Unaweza?" akauliza.

Nikasema naweza. Filimbi ya mapumziko ikalia.

Niseme matokeo yake sasa ili nisiulizwe. Nilicheza kipindi cha pili chote. Tulifungwa bao moja, na dakika ya mwisho bado nilikuwa nakimbia. Nilichoka, lakini ulikuwa uchovu wa mtu aliyefanya kazi, tofauti kabisa na ule wa miezi iliyopita. Jina langu halikuwa kati ya walioachwa. Na kabla hatujafika Nyeri kocha alikuwa amesikia ukweli wote kwa mdomo wangu, wangu na wa wengine, akakaa mbele ya gari akitazama barabara mpaka Sagana ikapita. Lakini sikumweleza kwa sababu ya ushujaa. Nilimweleza kwa sababu ya kitu kilichotokea wakati wa mapumziko, kabla sijaingia uwanjani.

Nilikimbia chooni kwanza, choo cha shimo nyuma ya madarasa, mlango unaofungwa kwa waya. Na hapo nikaona damu. Kidogo tu. Nilitazama kwa muda nisiamini, kisha nikacheka peke yangu kwa sauti, nzi wakiruka, na machozi yakitoka bila ruhusa. Nilitaka kumpigia mama simu na simu ilikuwa darasani. Mwili wangu ulikuwa umeniamini. Nilishukuru Mungu palepale, mahali ambapo watu hawamshukurii.

Kisha nikakumbuka kwamba sina kitu. Nilikuwa nimeacha kubeba miezi mingi iliyopita, na kaptula yetu ni nyeupe. Nikarudi darasani mbio nikasimama mlangoni. Timu nzima ilikuwa imeketi sakafuni na kwenye madawati, wakinywa maji. Kocha alikuwa nje akibishana na mwamuzi.

"Nani ako na pedi?" nikauliza.

Wakaacha kunywa maji. Nilidhani ni ule uvumi unaokufa, kwamba wanahesabu, wananitazama tumbo, wanaona aibu. Niliifurahia ile aibu yao kwa muda mfupi, sitakataa. Nikangoja mtu afungue begi.

Nahodha alifungua lake, akapekua, akalifunga. Mlinda lango alitazama kwenye mfuko wa pembeni wa begi lake, kisha akatazama sakafu. Kuna aliyesema zake ziliisha. Nikamuuliza ziliisha lini, akasema hakumbuki. Mwingine akasema hata yeye hana. Nilipita na macho kutoka uso hadi uso, wanawake watupu, kikosi kizima pamoja na wa akiba, na hakuna hata mmoja aliyeinua mkono.

Yule msichana mwembamba alikuwa amelala chini karibu na ubao, kitambaa cha maji usoni. Alikitoa taratibu.

"Mimi niliacha kubeba," akasema. "Siku hizi sioni kitu. Si ni poa?"